Jinsi ya Kukadiria Unyumbufu wa DNA kwa Kusoma Mfuatano Wake

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa biolojia na kemia katika vyuo vya hapa Mombasa, pamoja na walimu wao, ambao wanafahamu vyema kwamba DNA hubeba maagizo ya urithi lakini hawajawahi kujiuliza ni kwa urahisi gani kipande fulani cha DNA hupindika. Swali hilo si la pambo. Katika kila seli ya binadamu yenye kiini mna DNA yenye urefu wa takriban mita 2, nayo imekunjwa ndani ya kiini chenye upana wa maikromita chache tu. Protini nyingi zinazoisoma au kuifungasha hulazimika kuipinda, na pale inapokataa kupindika, kazi hiyo huwa ya gharama kubwa au haifanyiki kabisa. Kitakachodhihirika humu ni kwamba herufi zilezile, kwa idadi ileile, zikibadilishiwa mpangilio huleta molekuli yenye tabia tofauti. Vifaa vinavyohitajika ni penseli, karatasi ya miraba na, kwa mfuatano mrefu, lahajedwali la kompyuta. Maabara inaingia mwishoni tu, na asiye na maabara bado atafika mbali.

Kabla ya kuanza: tenganisha mpindo na unyumbufu

Makosa mengi katika mada hii huanzia hapa. Fundi wa jahazi anapotafuta mti wa taruma huchagua ule uliokua ukiwa umepinda tangu msituni. Taruma hilo limepinda, lakini ni gumu, na anayejaribu kulinyoosha atalivunja. Ufito wa kujengea, kinyume chake, umenyooka ukiwa umelala chini, ila ukiushika ncha mbili unapindika upendavyo. DNA ina vipande vya aina zote mbili. Mfululizo wa adenini hufanya sehemu ngumu ambayo ikikaa vizuri kati ya sehemu nyingine huipa molekuli mpindo wa kudumu, ilhali mahali ambapo timini inafuatwa na adenini huwa ni mahali palipo tayari kupindwa bila ya kuwa pamepinda. Anayesema kwamba kipande fulani kinanyumbuka kwa sababu kimeonekana kimepinda amechanganya taruma na ufito.

Vipimo vitatu vitatumika tena na tena, kwa hiyo viandikwe juu ya karatasi. Kila jozi ya besi huongeza urefu wa nanomita 0.34. Msokoto mmoja kamili, DNA ikiwa katika maji yenye chumvi kiasi, huchukua takriban jozi 10.5. Urefu wa ukakamavu, yaani umbali ambao mnyororo unaweza kwenda kabla haujasahau mwelekeo ulioanza nao, ni kama nanomita 50, sawa na jozi 150 hivi. Kipande kifupi kuliko hapo ni kama kijiti. Kirefu mara nyingi zaidi ya hapo hujizungushazungusha chenyewe kwa sababu ya joto la maji tu, bila kusukumwa na protini yoyote. Kumbuka kwamba nanomita 50 ni wastani wa mfuatano wa mchanganyiko, na kazi yetu yote ni kujua wapi kipande chetu kinauacha wastani huo.

Hatua ya kwanza: andika nyuzi zote mbili

Andika uzi wa kwanza kutoka ncha ya 5′ hadi ncha ya 3′, kisha chini yake andika uzi wa pili, A ikikabiliana na T na G ikikabiliana na C. Uzi wa pili husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa kuona kwamba wanaijua, kisha hujikuta wakihesabu AC na GT kuwa vitu viwili tofauti, ilhali ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili.

Hatua ya pili: gawa mfuatano katika viungo

Herufi moja pekee haina unyumbufu wa kusemwa. Kinachopindika ni nafasi iliyo kati ya jozi moja na jozi inayofuata, na nafasi hiyo tutaiita kiungo. Kipande cha jozi 10 kina viungo 9. Kwa herufi nne kuna viungo 16 vinavyowezekana kwenye karatasi, lakini kwa kuwa uzi wa pili husomwa kinyumenyume, vilivyo tofauti kwa kweli ni 10 tu: AT, TA, CG na GC, ambavyo ni vilevile vikisomwa upande wowote, na sita vyenye majina mawili mawili, yaani AA au TT, AC au GT, AG au CT, CA au TG, CC au GG, na GA au TC.

Sababu ya tofauti zao ni jinsi besi zinavyolaliana. Adenini na guanini ni purini, nazo ni pana kwa kuwa zina pete mbili. Timini na sitosini ni pirimidini, zenye pete moja. Pirimidini ikifuatwa na purini, kama katika TA, CA na CG, eneo ambalo besi za jozi mbili hizo hugusana huwa dogo, na jozi moja inaweza kuinama au kuteleza juu ya nyingine bila kupoteza mengi. Purini ikifuatwa na pirimidini, kama katika AT, besi hufunikana vizuri zaidi na kiungo hukakamaa. Mhandisi Mwingereza C. R. Calladine alionyesha mwaka 1982 kwamba mengi ya maumbo haya yanaweza kuelezwa kwa jambo moja la kimakanika: jozi za besi hazikai bapa bali zimejikunja kidogo kama rafadha, na kwa hiyo purini za nyuzi zinazokabiliana hugongana zisipopata pa kukwepea. Ninaipenda hoja hiyo kwa sababu haihitaji kemia ngumu. Inahitaji mtu anayejua kwamba vitu viwili haviwezi kukaa mahali pamoja.

Angalia pia kwamba hatujagusa idadi ya bondi za haidrojeni. Ni kweli kwamba G na C zina bondi tatu na A na T zina mbili, na kwamba hilo husaidia kujua DNA itaachana kwa joto gani. Lakini kuachana kwa nyuzi na kupindika kwa msokoto mzima ni maswali mawili. Kanuni ya «A na T nyingi maana yake DNA laini», inayorudiwa sana katika majibu ya mitihani, inavunjwa na mfululizo wa A, ambao ni miongoni mwa vipande vigumu kuliko vyote.

Hatua ya tatu: toa alama, lakini usiridhike na jumla

Kwa kazi ya mkono, tumia alama tatu. Vipe 2 viungo vya TA, CA au TG, na CG. Vipe 0 viungo vya AA au TT, AT, na AC au GT. Vilivyobaki, yaani AG au CT, GA au TC, CC au GG, na GC, vipe 1. Alama hizi ni za kupangia tu. Mpangilio wenyewe unafuata kwa ujumla kile kilichoonekana wakati Wilma Olson na wenzake walipokusanya, katika makala ya 1998, maumbo ya fuwele za DNA iliyoshikwa na protini na kupima kila kiungo kilivyotawanyika katika maumbo hayo. Anayetaka kazi ya kuchapishwa atumie jedwali kamili la vipimo vya kuinama, kusokotwa na kuteleza kwa kila kiungo, ambalo lahajedwali hulimudu bila shida.

Sasa jaribu mifuatano hii miwili, ambayo Paul Hagerman aliilinganisha mwaka 1986 na ambayo kwa maoni yangu ndiyo somo bora kuliko yote katika mada hii:

GAAAATTTTC
GTTTTAAAAC

Kila mmoja una A nne, T nne, G moja na C moja. Kila mmoja, ukirudiwa mara nyingi, huungana na nakala yake inayofuata kwa kiungo cha CG. Katika wa kwanza viungo ni GA, AA mara tatu, AT, TT mara tatu, TC, kisha CG ya kuungia. Alama ni 1, 0, 0, 0, 0, 0, 0, 0, 1, 2, na jumla ni 4. Katika wa pili ni GT, TT mara tatu, TA, AA mara tatu, AC, kisha CG. Alama ni 0, 0, 0, 0, 2, 0, 0, 0, 0, 2, na jumla ni 4 vilevile. Kwa hesabu ya jumla ni pacha. Katika jeli, yaani utando mzito ambamo DNA huvutwa kwa umeme, mnyororo wa kwanza hutembea polepole kwa sababu umepinda sana, na wa pili hutembea karibu kama DNA ya kawaida.

Tazama alama zilivyokaa. Katika mfuatano wa kwanza sehemu ya AAAATTTT ni kipande kimoja kisichokatika cha jozi 8, na mfuo mdogo wa msokoto, yaani ule mwembamba kati ya mifereji miwili inayozunguka DNA, ambao huzidi kuwa mwembamba kadiri A zinavyoendelea kuelekea ncha ya 3′, hubanwa kutoka pande zote mbili kuelekea katikati, palipo na AT. Katika wa pili, TA iliyo katikati huukata mfululizo huo vipande viwili, mfuo hupanuka palepale ulipotarajiwa kubanwa, na athari za vipande hivyo viwili hazijumlishiki. Kwa hiyo baada ya kutoa alama, chora mstari wa alama hizo chini ya mfuatano na usome umbo lake. Jumla iandike pembeni kwa penseli.

Hatua ya nne: tia mviringo kwenye kila mfululizo wa A

Tafuta kila mahali penye jozi nne au zaidi za A na T mfululizo bila kiungo cha TA ndani yake. AAAA inahesabika, AATT inahesabika, AAATTT inahesabika, TTAA haihesabiki. Mfululizo wa A tano au sita huleta mpindo wa pembe ya nyuzi (digrii) 18 hivi, pengine 20, kuelekea upande wa mfuo mdogo katikati ya mfululizo. Ukiwa peke yake katika kipande kirefu, mpindo huo hauonekani kwa urahisi. Habari hubadilika mifululizo ikiwa mingi.

Hatua ya tano: pima umbali kati ya mifululizo

Hapa ndipo pa kutumia muda. Msokoto huzunguka, hivyo mpindo uliotazama juu kwenye jozi ya 5 utakuwa unatazama chini nusu mzunguko baadaye. Pima umbali kutoka katikati ya mfululizo mmoja hadi katikati ya ule unaofuata, ugawe kwa 10.5, kisha tazama sehemu ya desimali. Ikiwa karibu na 0, au karibu na 1, mipindo inatazama upande mmoja na inajumlishika. Ikiwa karibu na 0.5, inapingana na kufutana. Umbali wa 21 hutoa 2.0, nao ni mzuri. Umbali wa 16 hutoa 1.52, na mifululizo miwili iliyoachana hivyo hufanya DNA ipinde huku kisha irudi kule, ikabaki imenyooka kwa jumla.

Umbali wa 10 unahitaji neno la ziada, kwa sababu ndio unaopendwa na wanaobuni mifuatano. Kila jozi huzunguka nyuzi 34.3, kwa hiyo jozi 10 huzunguka nyuzi 343, pungufu ya mzunguko kamili kwa nyuzi 17. Kwa marudio matatu au manne upungufu huo si kitu. Kwa marudio mengi mpindo huanza kujigeuza polepole, na badala ya upinde ulio bapa hupatikana umbo linalojiviringa kama springi. Anayetaka upinde bapa abadilishane umbali wa 10 na 11, ingawa mifululizo ya A yenyewe hujisokota kwa kubana kidogo zaidi ya DNA ya kawaida, hivyo hesabu ya 10.5 ichukuliwe kuwa ni ya kukaribia.

Mfano wa kimaumbile uligunduliwa katika kimelea. Mwaka 1982 Joan Marini na wenzake waliripoti kwamba kipande cha DNA kutoka kwa Leishmania tarentolae, kimelea cha mijusi walio jamaa ya mjusi kafiri wa kutani, kilitembea katika jeli kana kwamba ni kirefu zaidi ya urefu wake halisi. DNA hiyo hutoka katika kinetoplasti, mtandao wa maelfu ya pete ndogo zilizoshikana ambao vimelea wa kundi hilo huuweka ndani ya mitokondria yao. Ndani yake mna mifululizo ya A iliyopangwa kwa umbali unaolingana na msokoto. Vimelea wa nagana wanaosambazwa na mbung'o, ugonjwa ambao wafugaji wa Kwale hawahitaji kuelezwa, ni wa kundi hilohilo lenye kinetoplasti.

Hatua ya sita: kadiria gharama ya kupinda

Kwa kipande chenye urefu L kinachopindwa kwa pembe θ, iliyo katika radiani, gharama ya nishati ikipimwa kwa kizio cha joto la mazingira, kT, ni urefu wa ukakamavu mara θ mraba, gawa kwa mara mbili ya L. Pete ya jozi 300 ina L ya nanomita 102 na θ ya 6.28, gharama ni 50 × 39.5 ÷ 204, yaani kama 9.7 kT. Pete ya jozi 100 hutoa kama 29 kT. Tazama jinsi gharama inavyopanda pete inapopungua.

Ikiwa unafikiria pete, usisahau kusokota. Jozi 105 hutimiza misokoto 10 kamili na ncha mbili hukutana zikitazamana. Jozi 110 hutoa misokoto 10.48, na ili ncha zikutane lazima DNA isokotwe karibu nusu mzunguko zaidi au pungufu. Ndiyo sababu uwezo wa kujifunga pete hupanda na kushuka kila baada ya jozi 10 au 11 urefu unapoongezwa, hata unyumbufu usipobadilika hata kidogo.

Hatua ya saba: uliza protini inataka nini

Matokeo ya hatua zilizotangulia hupata maana yakiwekwa mbele ya protini fulani. Nukleosomu ndiyo ya kwanza kufikiriwa: jozi 146 au 147 huviringishwa mara 1.65 hivi kuzunguka protini nane za histoni, kama umbo lililochapishwa na Karolin Luger na wenzake mwaka 1997 lilivyoonyesha. Kwa kanuni ya hatua ya sita, gharama ya kupinda peke yake inazidi 50 kT, na histoni huilipa kwa mvuto wa chaji zao chanya kwenye fosfeti za DNA. Mfuatano unaopunguza gharama hiyo hupendelewa. Sandra Satchwell, Horace Drew na Andrew Travers walionyesha mwaka 1986 kwamba AA na TT hupenda kukaa mahali mfuo mdogo unapotazama ndani kwenye histoni, na GC mahali unapotazama nje, kwa zamu ya takriban jozi 10. Lakini mfululizo mrefu wa A usio na zamu hiyo hukataa kuviringishwa, na katika hamira mifululizo ya namna hiyo hupatikana sana mbele ya jeni, mahali ambapo nukleosomu hazipo.

Protini ya TBP, inayoanzisha usomaji wa jeni nyingi, huipinda DNA kwa nyuzi 80 hivi. Pitisha mfuatano wa TATAAAAG katika alama zetu: TA, AT, TA, AA, AA, AA, AG, yaani 2, 0, 2, 0, 0, 0, 1. Fuwele za 1993 zilionyesha kwamba protini hii huingiza asidi amino za fenilalanini kati ya jozi mahali pawili: kwenye TA ya kwanza kabisa na kwenye AG ya mwisho. La kwanza lingetabirika kwa jedwali letu. La pili halikuwa na alama ya juu, nalo ni onyo kwamba protini yenye nguvu inaweza kupinda mahali pasipojitolea, mradi nafasi yake ya kushika inatosha. Protini ya CAP ya bakteria, kwa upande wake, huvunja mwelekeo wa DNA kwenye viungo vya TG, hadi jumla ya kama nyuzi 90, na hapo jedwali linatosha.

Hatua ya nane: changanya herufi upya

Usidai kwamba mpangilio ulioupata una maana kabla hujaulinganisha na bahati nasibu. Jenomu ya Plasmodium falciparum, kimelea wa malaria inayosumbua pwani yetu, iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2002 ilionekana kuwa na A na T kwa takriban asilimia 80; katika jenomu ya namna hiyo mifululizo ya A hutokea kila mahali hata kama haina kazi. Chukua mfuatano wako, uchanganye herufi zake mara nyingi kwa lahajedwali huku ukihifadhi idadi ya kila herufi, kisha upitishe kila mchanganyiko katika hatua ya nne na ya tano. Kama mifuatano ya bahati nasibu inatoa mifululizo yenye umbali mzuri mara nyingi kama wako, huna la kuripoti.

Hatua ya tisa: thibitisha maabarani

Kwa mpindo wa kudumu, jeli ndiyo njia rahisi. Unganisha vipande vifupi vya jozi 21 kwa kimeng'enya cha ligezi ili upate minyororo ya urefu mbalimbali, iendeshe kando ya ngazi ya vipimo, yaani vipande vya DNA vya urefu unaojulikana, kisha gawa urefu unaoonekana kwa urefu halisi. Uwiano wa 1 maana yake hakuna mpindo. Unaozidi 1 na kupanda kadiri mnyororo unavyorefuka ni dalili ya mpindo. Jeli iwe ya poliakrilamidi, kwa sababu agarosi huificha tofauti hii kwa kiasi kikubwa. Vaa glavu, kwani akrilamidi isiyogandishwa bado ni sumu ya mishipa ya fahamu. Rangi ya ethidiamu itiwe baada ya jeli kumaliza kutembea; ikitiwa mapema hujipenyeza kati ya besi na kuharibu umbo lenyewe unalolipima.

Kwa sisi wa Mombasa kuna jambo ambalo miongozo ya nchi za baridi hailisisitizi. Mpindo wa mifululizo ya A hupungua joto linapopanda, na maabara isiyo na kiyoyozi mwezi wa Februari hufikia nyuzi 30 na zaidi, mbali na joto ambalo umeme wenyewe huongeza katika jeli. Endesha jeli ndani ya jokofu la maabara au chumba baridi, kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, kwa volti ndogo na kwa muda mrefu, na uwe na betri ya akiba umeme ukikatika. Chumvi nayo iandikwe: DNA iliyo katika maji yenye chumvi haba mno hukakamaa kwa sababu fosfeti zake husukumana, na magnesiamu huongeza mpindo wa mifululizo ya A. Matokeo yasiyotaja joto na chumvi hayawezi kulinganishwa na ya mtu mwingine.

Kwa unyumbufu usio na mpindo, jeli haitoshi. Kipande chenye TA nyingi kinaweza kutembea kama kawaida kabisa. Hapo tumia jaribio la pete: weka DNA yenye ncha za kunata katika mkolezo mdogo, tia ligezi, na ulinganishe kasi ya kufunga pete na kasi ya vipande viwili kuungana. Tengeneza urefu kadhaa unaotofautiana kwa jozi mbili tatu, ili kupanda na kushuka kunakotokana na msokoto kusikudanganye. Mwaka 2021 Aakash Basu, Taekjip Ha na wenzao walichapisha njia ya kulifanya jaribio hilo kwa maelfu ya mifuatano kwa pamoja, na katika hamira walikuta kwamba sehemu zisizo na nukleosomu mbele ya jeni ni ngumu kweli. Majedwali ya majaribio ya aina hiyo yakipatikana, yaweke kando ya alama zako za mkono, kiungo kwa kiungo, na mahali yanapotofautiana anza kwa kuangalia kama umesahau kuhesabu majirani wa kiungo hicho, kwa maana TA iliyozungukwa na A haina tabia moja na TA iliyo kati ya C na G.